Kura Hazikutosha, Kiti Kikapatikana: Mwanasosholojia Cardoso na Seneti ya Brazil, 1978

Tarehe 15 Novemba 1978 wapiga kura wa jimbo la São Paulo walichagua seneta mmoja. Franco Montoro wa chama cha upinzani, MDB, alizoa kura zaidi ya milioni 4. Mwenzake wa chama hicho hicho, Fernando Henrique Cardoso, mwanasosholojia ambaye jina lake lilikuwa halijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya kura, alipata zaidi ya milioni 1.2. Kwa pengo kama hilo mtu hurudi kwenye vitabu vyake. Lakini Machi 1983 Cardoso aliingia Seneti na kukalia kiti kile kile alichoshindwa kukipata, bila uchaguzi mwingine wa kiti hicho kufanyika.

Kwa kuwa Cardoso baadaye alikuwa rais kwa mihula miwili, kuanzia Januari 1995, kisa cha 1978 husimuliwa kama dibaji: msomi mashuhuri anaanza safari ya kwenda Ikulu. Simulizi hiyo inatazama kilele na kusahau ngazi. Kilichompandisha ni kanuni ya kuhesabu kura iliyotungwa na serikali ya kijeshi kwa faida yake yenyewe, pamoja na watu waliomkopesha milango yao: padri, fundi chuma, mchumi, mwanamuziki. Usomi wake ulifanya kazi moja kubwa, nayo ni kumwezesha kuusoma mlango huo mapema kuliko wengine.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931 katika ukoo wa wanajeshi. Baba yake, Leônidas Cardoso, alikuwa jenerali, na mwaka 1954 alichaguliwa mbunge wa shirikisho kwa kura za São Paulo. Kwa hiyo mikutano ya kampeni haikuwa kitu kigeni nyumbani kwao, ingawa kijana mwenyewe aliamua kwenda Chuo Kikuu cha São Paulo, akawa mwanafunzi na kisha msaidizi wa mwanasosholojia Florestan Fernandes, na utafiti wake wa uzamivu ukahusu utumwa katika Brazil ya kusini.

Wanajeshi walipopindua serikali mwaka 1964, Cardoso alikimbilia Chile. Akiwa Santiago, kwenye tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Kilatini, aliandika pamoja na Enzo Faletto kazi iliyolitangaza jina lake duniani, juu ya utegemezi wa nchi maskini kwa nchi tajiri na jinsi matabaka ya ndani yanavyonufaika nao. Alirudi nyumbani mwaka 1968 na kushinda nafasi ya uprofesa. Hakuikalia sana. Desemba mwaka huo serikali ilitoa Amri ya Kitaasisi namba 5, iliyompa rais uwezo wa kufunga Bunge, kufuta haki za kisiasa na kuwaondoa watumishi wa umma kazini. Aprili 1969 Cardoso, akiwa na miaka 37, alistaafishwa kwa nguvu pamoja na mwalimu wake Fernandes na wenzao kadhaa.

Njia iliyozoeleka ilikuwa kwenda tena uhamishoni, Paris au Marekani. Yeye na wenzake, akiwamo mwanafalsafa José Arthur Giannotti, waliamua kubaki na mwaka huo huo wakaanzisha kituo cha utafiti mjini São Paulo, CEBRAP, kwa msaada wa fedha za Ford Foundation, wakfu wa Marekani. Uamuzi huo ndio mwanzo halisi wa kampeni ya 1978, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa akiwazia kampeni. Kwa mtafiti aliyefukuzwa chuoni, kituo huru kilimaanisha mshahara, maktaba, anwani, na zaidi ya yote sababu ya kukutana na watu wasio wanachuo. Maaskofu walikuwa na maswali kuhusu umaskini wa vitongoji, wanasiasa walihitaji takwimu, na wahariri walitaka makala. Jimbo Kuu Katoliki la São Paulo, chini ya Kardinali Paulo Evaristo Arns, liliagiza kwa CEBRAP utafiti juu ya ukuaji na umaskini wa jiji hilo. Ulipotoka ulisomwa mpaka mitaani, na mwaka 1976 bomu liliwekwa kwenye ofisi za kituo.

Somo la 1970 na la 1974

Utawala wa Brazil ulikuwa wa kijeshi, lakini haukufuta uchaguzi. Uliuwekea uzio tu. Kuanzia mwishoni mwa 1965 viliruhusiwa vyama viwili pekee: ARENA cha serikali na MDB cha upinzani unaovumiliwa. Wakosoaji wengi waliona MDB ni kiini macho. Mwaka 1970 sehemu ya mrengo wa kushoto ilihimiza watu waharibu kura, na karibu asilimia 30 ya kura za ubunge zikawa tupu au zilizoharibika. ARENA ikashinda kwa kishindo, na serikali ikatembea kifua mbele.

Wachambuzi wa CEBRAP waliisoma hesabu hiyo kwa namna nyingine. Kwao, kura iliyoharibika haimuudhi mtawala, inamwongezea asilimia. Kwa kuwa vyama ni viwili tu, kila uchaguzi unaweza kugeuzwa kura ya ndiyo au hapana juu ya serikali yenyewe, hata kama mgombea wa upinzani hana mvuto. Ulysses Guimarães, kiongozi wa MDB, alipobisha hodi kabla ya uchaguzi wa 1974, Cardoso, Francisco Weffort, Paul Singer, Francisco de Oliveira na wenzao walisaidia kuandaa ajenda ya chama: gharama za maisha, mshahara uliobanwa, mgawanyo wa mapato, haki za raia. Mambo ya sokoni na ya karatasi ya mshahara yalitangulia, na nadharia ikabaki nyuma. Novemba 1974 MDB ilichukua viti 16 kati ya 22 vya Seneti vilivyogombewa.

Viti hivyo havikuletwa na wasomi, na kudai hivyo ni kuwapamba. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, msukosuko wa mafuta wa 1973 ulishaanza kubana, na safari hiyo wagombea waliruhusiwa kuzungumza moja kwa moja kwenye televisheni. Walichotoa wasomi ni lugha ya pamoja, ili mgombea wa pwani na wa bara waseme jambo moja. Baada ya uchaguzi Cardoso na Bolívar Lamounier walihariri kitabu cha uchambuzi wa matokeo. Kwa hiyo mtu aliyeingia ulingoni miaka minne baadaye alikuwa ameshayachambua matokeo ya chama chake, jimbo kwa jimbo.

Kwa nini Seneti na si bunge la jimbo

Msomi anayeanza siasa kwa kawaida hushauriwa aanze chini, na kila jimbo la Brazil lina bunge lake. Siku ile ile ya Novemba 1978 São Paulo ilichagua wabunge wake wa jimbo pia. Hata hivyo, kwa mtu wa aina ya Cardoso ngazi ya chini ndiyo ngumu zaidi, na sababu iko kwenye mfumo wa kura.

Viti vya bunge la jimbo hugawanywa kwa uwiano wa kura za chama, na ndani ya chama wanaingia waliopata kura nyingi binafsi. Jimbo zima ni eneo moja, lenye miji na miji midogo zaidi ya 500, lakini wanaoshinda ni wale wenye ngome: mwenyekiti wa klabu ya mpira, wakili wa chama cha wafanyakazi, meya wa zamani, mtangazaji wa redio ya mjini kwao. Kila mmoja ana kitongoji chake na hesabu ya fadhila alizotenda. Profesa hana kitongoji. Wafuasi wake ni wengi kiasi, ila wametawanyika: wanafunzi huku, walimu kule, mapadri, waandishi, wahandisi. Katika shindano la uwiano angetoana jasho na wenzake wa chama mtaa kwa mtaa, na wao wanaijua mitaa.

Kura ya Seneti ni ya jina na ya jimbo zima, na wafuasi waliotawanyika huhesabiwa kwenye kapu moja. Pia hutazamwa kama kura ya msimamo. Mtu anaweza kumpa mbunge wake wa mtaa kura ya shukrani, na seneta kura ya hasira. Mgombea ambaye mtaji wake ni jina na hoja anafaa zaidi juu kuliko chini, hata kama uwezekano wa kushinda huko juu ni mdogo.

Serikali nayo ilikuwa imeshayachezea mabunge ya majimbo. Magavana walichaguliwa na wajumbe, si na wananchi. Mwaka 1974 MDB ilipata wingi katika bunge la São Paulo, na kwa utaratibu uliokuwapo ingeweza kuchagua gavana wa jimbo tajiri kuliko yote. Aprili 1977 Rais Ernesto Geisel alifunga Bunge la taifa kwa wiki mbili na kutangaza mabadiliko yaliyokuja kuitwa Kifurushi cha Aprili. Kwenye baraza la kumchagua gavana waliongezwa wajumbe kutoka mabaraza ya miji, ambako ARENA ilitawala kwa sababu miji midogo ilikuwa mingi. Septemba 1978 baraza hilo lilimchagua Paulo Maluf wa ARENA kuwa gavana wa São Paulo. Na kati ya viti viwili vya Seneti vilivyokuwa wazi katika jimbo, kimoja kilijazwa na baraza hilo hilo. Watu waliwabandika maseneta hao jina la “biyoniki”, kwa kuwafananisha na shujaa wa tamthilia ya televisheni aliyetengenezwa nusu kwa mashine. Wa São Paulo alikuwa Amaral Furlan. Wananchi walibakiziwa kiti kimoja.

Sublegenda: kanuni iliyogeuka

Kwenye kifurushi hicho kulikuwa na kifaa kimoja kinachohitaji maelezo marefu, kwa sababu kisa chote kinazunguka juu yake. Sublegenda ni ruhusa ya chama kimoja kusimamisha wagombea hadi 3 kwa kiti kimoja. Kura zao hujumlishwa. Chama chenye jumla kubwa ndicho kinachoshinda kiti, na ndani yake anapita aliyeongoza.

Mfano wa kubuni: chama A kina wagombea wawili, mmoja kapata kura 40, mwingine 15. Chama B kina mgombea mmoja mwenye kura 50. Kwa kawaida B angeshinda. Kwa sublegenda A ana 55, na yule wa 40 anakuwa seneta akiwa nyuma ya mpinzani kwa kura 10.

Kanuni hii ilikuwa ikitumika kwa nafasi za mameya kabla ya kupanuliwa hadi Seneti. Lengo lilikuwa wazi. ARENA ilijaa makundi ya koo na matajiri wa mikoani waliochukiana. Kuwapa kila kundi mgombea wake kulizuia mtu kuhama kwa hasira. MDB ilionekana haina haja hiyo. Walioitunga hawakufikiri kwamba upinzani nao una makundi mawili yasiyolala kitanda kimoja: wanasiasa wa siku nyingi kama Montoro, Mkristo mwenye siasa za wastani aliyeshika nyadhifa tangu kabla ya mapinduzi, na kizazi kipya cha wanafunzi, wana wa vyama vya wafanyakazi na wasomi wa kushoto ambao wengine wangeharibu kura kuliko kumpa Montoro.

Hapo ndipo Cardoso alipofaa. Kura ya kijana wa kushoto aliyempa Cardoso iliingia kwenye kapu la MDB, ikaongeza jumla ya chama, na haikumdhuru Montoro. Hoja ya zamani kwamba mgombea wa pili anagawa kura ikakosa mguu. Kanuni iliyoundwa kuwaunganisha matajiri wa ARENA ikawaunganisha wapinzani.

Sehemu ya pili ya kanuni ilipita kimya. Seneta wa Brazil huchaguliwa pamoja na mbadala wake, na seneta akifariki, akijiuzulu au akichukua wadhifa mwingine, mbadala huingia. Kenya na Tanzania kiti cha mbunge wa jimbo kikiwa wazi huitishwa uchaguzi mdogo. Brazil foleni imeshapangwa. Chini ya sublegenda, mwenzake aliyeshindwa ndani ya chama kilichoshinda ndiye alikuwa mbadala. Kugombea nyuma ya mtu mwenye uhakika wa kushinda, mwenye ndoto ya ugavana, kulikuwa sawa na kukata tiketi ya safari isiyo na tarehe. Kama Cardoso alilipigia hesabu hilo tangu mwanzo au la, matokeo yake hayabadiliki.

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha Nairobi na ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa riwaya zake, aligombea urais wa Kenya mwaka 1997 na kuambulia sehemu ndogo sana ya kura. Naye alikuwa amewahi kufungwa kizuizini kwa fikra zake. Sheria ya Kenya haikuwa na foleni ya kumweka. Kura zake zilihesabiwa, zikasomwa, zikaishia hapo.

Pingamizi

Kizuizi cha kwanza kilikuwa haki ya kugombea. Amri namba 5 ilikuwa bado inafanya kazi hadi mwisho wa 1978, na waliokumbwa nayo walipata adhabu za aina mbalimbali. Wengine walifutiwa haki za kisiasa kwa miaka 10. Wengine, kama Cardoso, walistaafishwa. Je, kustaafishwa ni sawa na kufutiwa haki? Jina lake liliwekewa pingamizi, na ilibidi mahakama ziamue ndipo aendelee. Si kila mtu alipita kwenye tundu hilo. Mchumi José Serra, aliyekuwa amerudi kutoka uhamishoni muda mfupi kabla, jina lake lilikataliwa mwaka huo huo kwa hoja kwamba haki zake bado zimesimamishwa.

Kwa mgombea wa namna hii pingamizi ni hatari kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo hupuuzwa. Linaweza kumwondoa, hilo kila mtu analiona. Lakini hata asipoondolewa, linakula majuma. Mfadhili anangoja, mchapaji hataki kuchapa mabango ya mtu ambaye huenda asiwepo, na mjumbe wa chama wilayani anasema tukuone kwanza ukipita. Mgombea mwenye ngome humaliza majuma hayo akinywa kahawa na watu wake. Asiye na ngome huyapoteza.

Kampeni bila sauti

Baada ya kipigo cha 1974 serikali iliona tatizo ni televisheni. Sheria ya Julai 1976, iliyoitwa kwa jina la waziri wa sheria Armando Falcão, iliruhusu chama kutaja redioni na kwenye televisheni jina la mgombea, namba yake na muhtasari wa maisha yake, na kwenye televisheni kuonyesha picha isiyotikisika, basi. Hakuna hotuba wala mdahalo. Mtazamaji aliona nyuso zikipita mmoja baada ya mwingine kama kwenye kitambulisho.

Sheria hiyo ilimbana kila mtu, lakini haikumbana kila mtu sawa. Montoro alikuwa anajulikana. Picha na jina vilimtosha. Mtu mpya ambaye silaha yake ni kueleza jambo likaeleweka alifungwa mdomo mahali penye hadhira kubwa kuliko zote. Wasifu wa msomi ukisomwa kwa sekunde chache nao unasikika vibaya: alifundisha huku, akaandika kile, akaishi Chile na Ufaransa. Kwa fundi aliyerudi kutoka zamu, huyo ni mtu wa mbali. Ikumbukwe pia kwamba wasiojua kusoma na kuandika hawakuwa na haki ya kupiga kura Brazil hadi mwaka 1985, hivyo maskini wa chini kabisa, ambao kituo chake kiliandika sana juu yao, hawakuwamo kwenye daftari.

Kilichobaki ni miguu, karatasi na muziki. Mei 1978 wafanyakazi wa kiwanda cha malori cha Saab-Scania huko São Bernardo, kwenye ukanda wa viwanda unaoitwa ABC, walizima mashine, na migomo ikasambaa viwanda vingine. Kiongozi wa chama cha mafundi chuma hapo alikuwa Luiz Inácio da Silva, Lula. Lula alimuunga mkono Cardoso na kusimama naye kwenye mageti ya viwanda wakigawa vipeperushi. Picha za wawili hao wakiwa geti moja zilikuja kuchapishwa tena na tena walipokuwa mahasimu wa urais.

Kampeni ya getini ina ufundi wake. Zamu inabadilika alfajiri, na umati unapita kwa dakika chache tu, nusu yao wakiwahi kadi ya mahudhurio. Hakuna muda wa hoja tatu. Kuna muda wa jina, namba na mtu wanayemwamini akisema “huyu ni wetu”. Aliyeaminiwa alikuwa Lula, na Cardoso alikuwa mgeni wa mwenye nyumba. Mgombea wa kazi ya vitabu ambaye hatambui hilo hushika kipaza sauti na kuanza kufafanua ubeberu, watu wanampita. Kwa upande wa wanafunzi na tabaka la kati mdhamini alikuwa mwingine: Chico Buarque, mwanamuziki aliyesumbuliwa na wakaguzi wa serikali kwa miaka mingi, alimtolea wimbo wa kampeni kwa kubadili maneno ya wimbo wake wa awali. Wimbo ulifika mahali ambapo hotuba ilikatazwa. Magazeti nayo yalisaidia kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika makala kwenye magazeti ya upinzani na Folha de S.Paulo, na wasomaji hao hawakuhitaji wasifu.

Tukizipanga rasilimali zake za 1978, hakuna hata moja aliyoipata wakati wa kampeni. Kituo kilikuwa na miaka 9, uhusiano na chama miaka 4, na heshima ya kanisa ilitokana na utafiti wa katikati ya muongo. Alichofanya mwaka ule ni kukusanya madeni ya zamani.

Kura

Matokeo yalisema mambo mawili yanayopingana. MDB iliishinda ARENA São Paulo kwa mbali sana, na ndani ya MDB kila kura ya Cardoso ililingana na zaidi ya tatu za Montoro. Kwa hiyo kura za Cardoso hazikuhitajika. Mgombea wa ARENA, Cláudio Lembo, asingeweza kumfikia Montoro peke yake, achilia mbali jumla ya chama. Sababu rasmi ya kusimamisha mgombea wa pili, yaani kuongeza kapu, ikawa haina uzito wa hesabu.

Uzito ulikuwa kwingine. Watu milioni 1.2 na ushee waliomchagua mtu waliyeambiwa tangu mwanzo kwamba hatashinda ni sensa. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kundi la kushoto lisilo la kikomunisti lina ukubwa gani São Paulo. Sasa lilikuwa na namba, na lilionekana lilipo. Namba hiyo ilimfaa Cardoso, na ilimfaa Lula pia, ambaye katika miezi ile ile alikuwa akiona kwamba kura za mageti zinaweza kusimama bila kupitia kwa profesa.

Kitaifa kanuni zilifanya kazi yake. MDB ilipata kura nyingi za Seneti kuliko ARENA, lakini ARENA ikachukua viti vingi zaidi, kwa kuwa majimbo madogo yana idadi sawa ya maseneta na São Paulo.

Kungoja, na kuachana

Mbadala hana ofisi wala mshahara. Kati ya 1979 na 1983 Cardoso alikuwa na cheo kisicho na kazi, na kipindi hicho ndicho muungano wa 1978 ulivunjika. Sheria ya mwaka 1979 ilifuta vyama viwili. MDB ikawa PMDB. Februari 1980 Lula na wenzake walianzisha PT, Chama cha Wafanyakazi, na wasomi wa kituo kile kile wakagawanyika: Weffort, Singer na Oliveira wakaenda PT, na baadaye Florestan Fernandes mwenyewe akawa mbunge wa shirikisho kupitia chama hicho. Cardoso alibaki PMDB.

Uamuzi huo hujadiliwa kwa maneno ya itikadi, mageuzi ya taratibu dhidi ya chama cha tabaka. Ni kweli, ila kulikuwa na jambo la kawaida zaidi: foleni yake ilikuwa ya chama cha Montoro. Novemba 1982 wananchi waliruhusiwa kuchagua magavana kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, Montoro akashinda São Paulo, na tarehe 15 Machi 1983 akaapishwa. Kiti kikabaki wazi, muhula wake ukiwa na karibu miaka 4 mbele. Profesa akaingia Brasília, mji mkuu, kwenye Seneti.

Deni la 1985

Aliyeingia kwa foleni alikuwa bado hajashinda uchaguzi. Mtihani ulikuja Novemba 1985, umeya wa jiji la São Paulo, dhidi ya Jânio Quadros, rais wa zamani aliyejiuzulu mwaka 1961 baada ya miezi 7 tu na fundi wa kuzungumza na watu wa vitongoji. Kura za maoni zilimweka Cardoso mbele.

Makosa yanayokumbukwa ni mawili. Kwenye mdahalo, mwandishi wa habari Boris Casoy alimuuliza kama anaamini Mungu. Jibu lake lilikuwa la semina: alilalamika kwamba walikubaliana swali hilo lisiulizwe, akazungukazunguka. Mpiga kura wa kawaida hakusikia ufafanuzi, alisikia kusita. La pili lilikuwa kukubali kupigwa picha akiwa amekalia kiti cha meya kabla ya kura kupigwa. Kutangulia si kufika. Quadros alishinda kwa tofauti ndogo, na alipoingia ofisini alikipulizia kiti dawa ya kuua wadudu mbele ya wapiga picha.

Lakini kosa zito zaidi halina picha. PT ilisimamisha mgombea wake, Eduardo Suplicy, aliyeshika nafasi ya tatu kwa kura nyingi kuliko tofauti ya Quadros na Cardoso. Umeya wa 1985 haukuwa na sublegenda ya kujumlisha kapu la upinzani. Mageti ya viwanda yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa tena upande wake. Kundi lile lile la wapiga kura ambalo mwaka 1978 lilimpa foleni, mwaka 1985 lilimnyima ofisi, na hakuna jibu la ustadi juu ya Mungu ambalo lingelirudisha lote.

Mwaka 1986 São Paulo ilikuwa na viti viwili vya Seneti vya kujaza. Cardoso alishika nafasi ya pili nyuma ya Mário Covas, mwenzake wa PMDB, kwa kura zaidi ya milioni 6, na safari hii aliingia kwa kura zake mwenyewe. Mbadala aliyekuwa kwenye karatasi yake alikuwa Eva Blay, profesa wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha São Paulo na mtafiti wa masuala ya wanawake. Oktoba 1992 Cardoso alipoteuliwa waziri wa mambo ya nje, Blay aliapishwa kuwa seneta.